Kula Ndani ya Hadithi: Mikahawa ya Maigizo na Kumbukumbu za Familia, kutoka Treetops hadi Nakivale

Utangulizi

Msafiri aliyetoka Rugaaga na kufika Mbarara, akiifuata barabara kuu ya kwenda Masaka na Kampala, baada ya kilomita kama 12 atafika Biharwe. Hapo ndipo kilipo Kituo cha Utamaduni cha Igongo: makumbusho, hoteli ya kulala wageni, duka la kazi za mikono na mkahawa unaouza vyakula vya Kinyankole. Mwishoni mwa juma familia nzima hushuka kwenye gari moja. Bibi hushikwa mkono, watoto hukimbilia kupigwa picha, na baba huuliza bei kabla hajaketi. Baadaye huletewa karo, yaani ugali wa ulezi, pamoja na eshabwe, mchuzi mweupe unaotengenezwa kwa samli, maji na chumvi ya mawe.

Wengi wa wageni hao ni watu wa Ankole hasa. Karo wameila tangu utotoni, na huenda bibi aliyeshikwa mkono anajua kupiga eshabwe kuliko mpishi wa hoteli. Basi kwa nini familia isafiri na kulipa fedha ili ile chakula ambacho kingeweza kupikwa nyumbani kwa gharama ndogo?

Insha hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba mikahawa ya namna hii huwavuta watu kwa sababu huwaketisha wazee na watoto pamoja ndani ya hadithi moja, hasa pale ambapo hadithi hiyo imekosa mahali pengine pa kukaa. Nitaanza na asili ya mikahawa hiyo nje ya Afrika, kisha nitapita Kenya, Tanzania na Kampala, nitarudi Ankole, na kumalizia Nakivale, ambako mambo hayo hayo hufanyika katika vibanda vya mabati na turubai.

Mkahawa wa maigizo ni nini?

Neno mkahawa limetokana na kahawa. Lilikuwa jina la mahali ambapo watu hunywa kahawa na kuzungumza. Neno hoteli, katika midomo ya watu wa Afrika Mashariki, mara nyingi lina maana ya mahali pa kula tu, hata kama hapana kitanda hata kimoja. Kwa hiyo katika lugha yetu mahali pa kula pamehusishwa tangu zamani na mazungumzo na safari. Katika insha hii nitaita mkahawa wa maigizo ule ambao jengo, mapambo, mavazi ya wahudumu na vyombo vyake vyote vinasimulia jambo moja, tena kwa kutia chumvi. Mgeni anajua kwamba anaigiziwa, na anafurahi kuigiziwa.

Mikahawa hiyo ilishamiri sana Marekani wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Mwaka 1933 Ernest Gantt alifungua baa ya Don the Beachcomber huko Hollywood, akaipamba kama kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Wateja wake wengi wasingeweza kumudu nauli ya meli ya kwenda visiwani, lakini waliweza kulipia kinywaji kimoja chini ya majani ya mianzi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, huko Los Angeles, Clifford Clinton aliugeuza mkahawa wake wa Clifton's kuwa msitu, wenye miti ya kuigiza na maporomoko ya maji. Clinton alikuwa na kanuni nyingine iliyomfanya akumbukwe: mtu asiye na fedha hakufukuzwa. Mgeni aliruhusiwa kulipa kadiri aonavyo, na maelfu ya watu walikula humo kwa senti chache au bure. Jambo hili linastahili kukumbukwa tutakapofika Nakivale. Mkahawa uliojaa mapambo kupita kiasi ulizaliwa katika mji uliojaa wenye njaa, na mtu yule yule aliyejenga maporomoko ya uongo ndiye aliyegawa chakula cha kweli.

Baada ya vita mikahawa hiyo iliielekea familia. Casa Bonita ya Lakewood, Colorado, iliyofunguliwa mwaka 1974, ilikuwa na mwamba wa ndani na watu waliojirusha majini huku wageni wakila chakula cha Kimeksiko. Mwaka 1977 Nolan Bushnell, aliyewahi kuanzisha kampuni ya michezo ya video ya Atari, alifungua huko San Jose mkahawa wa kwanza wa Chuck E. Cheese, ambamo wanyama wa mashine waliimba watoto wakila piza. Mwaka 1994 Rainforest Cafe ikaleta msitu wa mvua, pamoja na radi, ndani ya jengo la maduka huko Minnesota. Chakula cha mahali hapo hakikuwa sifa yao kubwa. Hata hivyo, Casa Bonita ilipokuwa hatarini kufungwa kabisa, Trey Parker na Matt Stone, waliokulia Colorado na kuwa watunzi maarufu wa katuni za televisheni, waliinunua mwaka 2021, wakaikarabati kwa mamilioni ya dola na kuifungua tena mwaka 2023. Watu wazima walitumia mali kuokoa mahali walipopelekwa na wazazi wao. Walichokuwa wakikinunua ni utoto.

Tunaweza basi kutaja mambo matatu yanayovuta watu. La kwanza ni safari bila nauli. La pili ni usawa wa umri: katika mkahawa wa kawaida mtoto huambiwa atulie, lakini mahali penye maigizo mtoto ndiye mgeni rasmi, na mtu mzima hupata ruhusa ya kushangaa pamoja naye. La tatu ni kumbukumbu, kwa kuwa mahali pasipo pa kawaida hukaa akilini, na familia hupata la kusimulia. Sasa tuone jinsi mambo hayo matatu yalivyojitokeza kwetu.

Chakula cha jioni juu ya mti

Katika Afrika Mashariki maigizo ya mezani yalianza kwa ajili ya wageni. Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker alijenga kibanda cha vyumba viwili juu ya mti wa mugumo katika milima ya Aberdare, Kenya. Mahali hapo paliitwa Treetops. Wageni walisindikizwa kwa miguu na mwindaji mwenye bunduki, wakapanda ngazi, wakala na kutazama tembo na vifaru wakija kunywa maji na kulamba chumvi. Binti mfalme Elizabeth alikuwa humo usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, usiku ambao baba yake alifariki naye akawa malkia.

Hadithi iliyouzwa Treetops ilikuwa ya Afrika yenye wanyama tu. Lakini msitu ule ulikuwa na wenyewe. Mugumo ni mti mtakatifu kwa Wagikuyu, na miaka michache baadaye msitu huo huo ukawa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1954 Treetops ilichomwa moto, ikajengwa upya mwaka 1957 ikiwa kubwa zaidi. Kwa mwanafunzi wa historia funzo liko wazi: kila mahali pa maigizo pana mtu aliyealikwa mezani na mtu aliyeondolewa katika picha. Tukilikumbuka hilo, tutaweza kuuliza maswali mazuri kuhusu mikahawa iliyofuata.

Taifa linajenga vijiji vyake

Baada ya uhuru, serikali mpya zilitaka wananchi wajione. Mwaka 1967 Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa Dar es Salaam, kikionyesha nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania. Mwaka 1971 Kenya ilianzisha Bomas of Kenya nje kidogo ya Nairobi, penye maboma ya jamii tofauti, ukumbi mkubwa wa ngoma na mahali pa kula. Watalii walikuja, lakini pia walikuja wanafunzi kwa mabasi ya shule, na familia za Nairobi siku za Jumapili. Mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye hakuwahi kulala katika nyumba ya bibi yake, aliiona nyumba hiyo kwa mara ya kwanza mahali palipolipiwa tiketi.

Inafaa kutaja yaliyotokea baadaye. Ukumbi wa ngoma wa Bomas ndio uliotumiwa na mkutano wa kitaifa wa katiba wa miaka ya 2003 na 2004, na ndio uliotumiwa kujumlisha kura za urais mwaka 2013, 2017 na 2022. Mahali palipojengwa kwa ajili ya burudani paligeuka kuwa baraza la taifa. Naona hilo halikuwa jambo la bahati tu. Ukumbi ambao kila jamii imejiona ndani yake kwa namna fulani, hata kwa maigizo, ni rahisi kukubalika na wote.

Mfano maarufu kuliko yote wa mkahawa wenyewe ni Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Mlangoni pana jiko kubwa la mkaa la mviringo, na nyama huchomwa juu yake ikiwa imetungwa kwenye panga ndefu za Kimaasai. Wahudumu huzunguka na panga hizo na kumkatia mgeni nyama papo hapo mezani. Juu ya kila meza pana bendera ndogo. Mradi imesimama, nyama zinaendelea kuja, na mgeni akiilaza, ametangaza kushindwa. Hapo awali nyama ya pundamilia, twiga na kongoni ilipatikana humo. Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, lakini nyama ya wanyama waliovunwa kwa kibali katika ranchi iliendelea kuuzwa hadi nayo ilipopigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi mbuni na mamba wa kufugwa ndio hushika nafasi yao.

Nyama choma si jambo la ajabu kwa Mkenya. Kila mji una bucha yenye jiko nyuma yake, ambapo mteja huchagua kipande, hupimiwa kilo na kusubiri. Carnivore ilichukua desturi hiyo ya kawaida, ikaikuza mpaka ikawa tamthilia: jiko likawa kubwa kama chumba, kisu kikawa upanga, na shibe ikawa vita yenye bendera. Ndiyo maana hata Wakenya wenyewe waliipenda na kuwapeleka watoto wao siku za mapumziko. Waliiona desturi yao imevikwa joho. Kutia chumvi huku ni aina ya heshima, kama vile mghani wa majigambo anavyokuza sifa za ng'ombe ambao kila mtu anawajua.

Kampala nayo ina Kituo cha Ndere. Kundi la Ndere lilianzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, na jina lake limetokana na filimbi, chombo kinachopatikana katika jamii nyingi za Uganda. Katika kituo chao wageni hula chakula cha jioni huku wakitazama ngoma za kila pembe ya nchi: Bwola ya Waacholi, Bakisimba ya Waganda, Ekitaguriro ya Wanyankole yenye mikono iliyoinuliwa kama pembe za ng'ombe. Kati ya ngoma na ngoma msimulizi hueleza maana yake kwa mzaha. Tukumbuke kwamba mwaka 1984 Uganda ilikuwa katika vita, na kabila la mtu lilikuwa jambo la kumtia hatarini. Kukusanya ngoma zote katika jukwaa moja wakati huo kulikuwa hoja ya kisiasa, ingawa ilitolewa kwa filimbi na miguu.

Ankole: sahani moja, historia mbili

Sasa turudi Biharwe. Mwanzilishi wa Igongo, James Tumusiime, ni mchapishaji wa vitabu. Ndiye aliyeanzisha Fountain Publishers huko Kampala mwaka 1988. Si ajabu basi kwamba mahali alipopajenga panasomeka kama kitabu: mgeni hupita kwanza kwenye makumbusho, akaona nyumba ya jadi, vibuyu, mikuki na vyombo vya maziwa vya mti, kisha ndipo aketi kula. Kabla ya eshabwe kufika mezani, macho yameshaonyeshwa chombo ambacho samli yake ilihifadhiwa.

Karibu na hapo, kando ya barabara, pana mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua. Simulizi za Nkore zinasema kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alivamia na kuteka ng'ombe wengi, lakini alipofika Biharwe jua liliingia giza mchana. Aliogopa, akakimbia na kuacha mateka yake, na watu wa Omugabe Ntare Nyabugaro wakapata ng'ombe kama walioanguka kutoka mbinguni. Wanahistoria wengi wamelihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, ingawa wapo waliopinga hesabu hiyo. Hivyo mtoto anayekula Biharwe anakula mahali ambapo mapokeo yanasema jua lilianguka. Mkahawa gani wa Marekani, pamoja na radi zake za umeme, ungeweza kushindana na hilo?

Lakini kuna sababu nzito zaidi inayoifanya Igongo ijae. Mwaka 1967 katiba mpya ya serikali ya Milton Obote ilifuta falme zote za Uganda. Mwaka 1993 falme za Buganda, Bunyoro na Tooro zilirudishwa. Ankole haikurudishwa. John Patrick Barigye alitawazwa kuwa Omugabe mwezi Novemba 1993, lakini serikali haikuutambua utawazo huo, naye alifariki mwaka 2011 bila kukalia kiti. Sababu moja kubwa ilikuwa mgawanyiko wa Wanyankole wenyewe. Katika ufalme wa zamani Wahima walikuwa wafugaji na wenye kushika utawala, na Wairu walikuwa wakulima. Wairu wengi hawakuona kwa nini wauombe urudi utaratibu uliowaweka chini.

Kwa hiyo Ankole ina kumbukumbu ya ufalme lakini haina ikulu yenye mfalme, haina siku ya kutawazwa, haina mahali rasmi pa kumpeleka mtoto na kumwambia, "Hapa ndipo tulipotoka." Pengo hilo limejazwa na makumbusho yenye mkahawa. Tena tuitazame sahani yenyewe. Karo ni ulezi, na ulezi ni jasho la jembe la Mwiru. Eshabwe ni samli, na samli ni ng'ombe wa Mhima. Mlo unaohesabiwa leo kuwa fahari ya Wanyankole wote umeunganisha mazao ya pande mbili ambazo siasa imeshindwa kuzipatanisha kuhusu kiti cha mfalme. Mtoto humega karo, akachovya kwenye eshabwe, akameza vyote viwili bila kuuliza ni nani alimtumikia nani.

Ndiyo nguvu ya mahali hapo, na ndiyo hatari yake pia. Sisemi kwamba makumbusho yanaficha kitu. Nasema kwamba mlo wa Jumapili hauwezi kubeba kila kitu. Kwa mfano, mwezi Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara, ambayo wakati huo ilijumuisha Isingiro, maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa makwao. Nyumba zilichomwa na ng'ombe walichukuliwa. Wengine walivuka mpaka, wengine walikimbilia makambi ya wakimbizi, Nakivale ikiwamo. Hadithi hiyo haina mchuzi wake wala ngoma yake. Mwanafunzi akitosheka na historia inayopendeza mezani, hataijua.

Nakivale: maigizo bila jengo

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, ikiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Baadaye walikuja Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Leo makazi hayo yana watu zaidi ya laki moja. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kutembea na kufanya biashara, na kwa sababu hiyo vibanda vya chakula vimeota kila mahali penye njia panda.

Anayezunguka Base Camp hula dunia nzima kwa miguu. Upande wa Wasomali, mahali panapoitwa kwa mzaha Mogadishu Ndogo, pana tambi, wali, nyama ya mbuzi na chai ya maziwa yenye hiliki. Kwa Waethiopia kahawa hukaangwa mbele ya mgeni na kumiminwa mara tatu, na kila duru ina jina lake: abol, tona, baraka. Kwa Wakongo kuna fufu, sombe na sambaza. Lugha inayovuka vibanda hivyo vyote ni Kiswahili, chenye lafudhi ya Bukavu, ya Uvira, ya Kismayo na ya Bujumbura.

Hakuna maporomoko ya maji hapa. Lakini yale mambo matatu niliyoyataja yapo yote. Mimi naishi Rugaaga, na mdogo wangu alizaliwa huku. Siku ya matokeo yake ya darasa la saba tulimpeleka kwenye kibanda cha Mkongo mmoja ambaye amechora ziwa Kivu ukutani, kuta tatu mfululizo: vilima, mitumbwi ya wavuvi iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na taa zao za usiku. Maji yamepakwa rangi ya buluu kali isiyopatikana katika ziwa lolote. Mama aliketi akiutazama ukuta, akaanza kuonyesha kwa kidole: pale soko, pale njia ya kanisani, pale nyumba ya mjomba. Nyumba ya mjomba haikuwa imechorwa. Mdogo wangu alikuwa akitazama mahali pale pale kidole kilipoelekea, akiitikia. Nyumbani Mama hajawahi kutusimulia mambo hayo kwa mfuatano. Ilibidi kuwe na ukuta uliotiwa chumvi, na sahani ya sambaza, ndipo asimulie.

Tangu siku hiyo nimekataa kuidharau mikahawa ya maigizo. Hata hivyo, historia ya sambaza wenyewe imenifundisha jambo jingine. Watu wa Bukavu na Goma humhesabu samaki huyo kuwa ladha ya kwao, lakini asili yake ni ziwa Tanganyika, na alipandikizwa katika ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu miaka ile ile ambayo Nakivale ilikuwa ikianza. Samaki huyo ni mhamiaji, na umri wake Kivu ni sawa na umri wa makazi yetu. Muhogo uliotupa sombe na fufu ulitoka Amerika, kama mahindi yaliyotupa posho. Vitu tunavyoviita vya asili vina safari zao. Basi tusimcheke mwenye kibanda kwa kuwa ziwa lake halifanani na ziwa la kweli.

Lazima pia tuseme kuhusu njaa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda hadi asilimia 70 mwezi Aprili 2020, na hadi asilimia 60 mwezi Februari 2021, na baadaye ukapunguzwa tena kwa wengi. Katika hali hiyo mtu anaweza kuuliza: je, si upuuzi kulipia mapambo wakati chungu cha nyumbani hakijai? Swali hilo ni la haki, na kwa familia nyingi jibu ni kwamba hawaendi kabisa. Lakini anayepewa mgao hachagui. Mahindi, maharage na mafuta huja kwa kipimo, na kipimo hakiulizi mtu alitoka wapi. Katika kibanda cha chakula mtu yule yule huulizwa, "Mgeni, ule nini?" Angalau kwa saa moja yeye ni mgeni mwenye kwao, aliye na ladha anayoijua na mahali anapopakumbuka. Watu wa Los Angeles wa miaka ya 1930 walilielewa hilo walipokula bure chini ya miti ya kuigiza.

Lawama zinazostahili kujibiwa

Wapo wanaosema kwamba mikahawa hii huuza utamaduni kama nguo za mtumba. Lawama hiyo ina ukweli. Treetops iliuza msitu bila watu wake. Panga za Carnivore zinaweza kumfanya mtalii adhani kwamba Mmaasai ni mapambo ya mezani.

Pia hadithi ya mkahawa inaweza kukataliwa na majirani. Huko Zanzibar kuna mkahawa wa Mercury's, uliopewa jina la mwanamuziki Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Mwezi Septemba 2006 sherehe iliyopangwa kufanyika humo, ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, ilisitishwa baada ya kundi la Uamsho kupinga vikali kwamba mtu huyo asifiwe Visiwani. Watalii waliona hadithi ya mtoto wa Zanzibar aliyetamba duniani. Wapinzani waliona hadithi ambayo hawakuulizwa kama waimiliki.

Kwa maoni yangu, kipimo kizuri si kama mkahawa unatia chumvi, kwa kuwa yote hutia. Tuulize maswali mawili. Je, wanaosimuliwa humo wanaweza kuingia na kuketi kama wageni? Na je, baada ya kula, familia inaendelea kusimulia yenyewe, au hadithi inaishia mlangoni? Treetops ya zamani ilishindwa swali la kwanza. Igongo inalishinda, kwa sababu wenyeji ndio wateja wake. Kibanda chenye ziwa la buluu kinashinda yote mawili, ingawa hakina tangazo hata moja barabarani.

Hitimisho

Tumeona kwamba mikahawa ya maigizo ilishamiri Marekani wakati wa shida, ikaingia kwetu kupitia ndoto za wakoloni, ikachukuliwa na mataifa mapya yaliyotaka kujiona, na sasa imefika kwa watu wasio na taifa la kurudi kwa sasa. Inavutia kwa sababu inampa mtoto na mzee kitu kimoja cha kutazama. Mzee akikitazama hukumbuka, na mtoto akimtazama mzee hujifunza.

Kwa wenzangu wanaosoma historia nina pendekezo moja. Majumba makubwa yana watu wa kuyaandika. Vibanda havina. Kibanda cha Nakivale kinaweza kufungwa wiki moja baada ya mwenyewe kupata nafasi ya kuhamia nchi ya tatu au kurudi kwao, na ukuta wake hupakwa chokaa na mpangaji mpya. Tukusanye majina ya vibanda hivyo, vyakula vyake, na maelezo ya waliovipamba, kwa nini walichagua mji huu na si ule, rangi hii na si nyingine. Kibanda tulichokula sisi kimeshafungwa. Sasa ni duka la kuchaji simu. Mdogo wangu bado hueleza nyumba ya mjomba ilipo, upande wa kushoto wa ukuta, ukipita soko.